Kasha la 38: fumbo la Mji Mkongwe na dakika zisizokubaliana

Kijana mmoja anayetembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, alitaka kuficha kasha la GPS lenye mada ya nambari 38. Aliandika maelezo yake kwa Kiswahili na Kiingereza, akatunga maswali, akaniletea nisome kabla ya kuyapeleka kwa mhakiki. Maelezo yalivutia na fumbo lilionekana jepesi, lakini nilipolitatua kwa njia tatu zote zenye haki nilifika mahali patatu tofauti. Kisa hiki nakiandika kwa sababu kosa la aina hii linawanasa wengi wanaopenda kuchanganya historia na hesabu, na kwa sababu ufumbuzi wake ulitoka mahali ambapo si mimi wala yeye tuliyepatarajia.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, unaoitwa geocaching: mtu anaficha kopo lisilopitisha maji lenye kidaftari ndani, anatangaza mtandaoni majiranukta yake, yaani nambari za latitudo na longitudo za mahali lilipo, na wengine wanalisaka kwa simu au kwa kifaa cha GPS. Anayelipata anaandika jina na tarehe, kisha analirudisha palepale. Mchezo ulianzia Marekani mwaka 2000. Serikali ya huko ilikuwa ikipotosha kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na mwanzoni mwa Mei ikaacha. Dave Ulmer hakungoja wiki iishe. Tarehe 3 Mei alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza ilipo. Miongoni mwa vitu alivyotia ndani mlikuwa na kopo la maharage.

Makasha ni ya namna nyingi, na la kijana wetu ni kasha la fumbo. Majiranukta yanayotangazwa ni ya kuanzia tu. Ya kweli unayakokotoa kutokana na maswali. Hapo ndipo nambari zenye historia zinapopata soko. Mtu huchukua 13, au mwaka wa uhuru wa nchi yake, au umri aliofariki mfalme fulani, akaisimulia vizuri, kisha akaifanya ufunguo. Msakaji anafika kwenye kopo akiwa amejifunza jambo. Ni njia nzuri ya kufundisha, na sina ubishi nayo.

Sasa 38. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na siku hiyohiyo Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme na kujitangaza Sultani. Waingereza, waliokuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu 1890, walimtaka Hamoud bin Mohammed, na msimamo wao ulikuwa kwamba hakuna anayekalia kiti bila idhini ya balozi wao. Basil Cave, aliyeshika ubalozi wakati ule, alimwonya Khalid zaidi ya mara moja. Khalid akakusanya watu wake ndani ya jumba, wakapanga mizinga. Bandarini zikaja manowari mpaka zikatimia tano: St George, Philomel, Racoon, Sparrow na Thrush, chini ya Admirali Harry Rawson. Khalid alipewa muhula hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera na atoke. Alijibu kwamba hana nia ya kuiteremsha, wala haamini kwamba watampiga.

Walimpiga. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na saa tatu na dakika arobaini bendera ya jumba ikaanguka kwa kombora. Glasgow, meli ya Sultani iliyojaribu kujibu, ilizama palepale bandarini, na milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji kwa miaka. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kifalme, ilibomoka. Beit al-Ajaib, jumba jirani, ilisalimika ikiwa na majeraha, lakini mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibika kabisa. Khalid alikwisha kukimbilia ubalozi wa Ujerumani. Kutoka 3:02 hadi 3:40 ni dakika 38, na ndiyo maana vita hivi hutajwa kila mahali kuwa vifupi kuliko vyote katika historia iliyoandikwa.

Fumbo la kijana lilikwenda hivi. Latitudo ya Mji Mkongwe huanza na S 06° 09, na longitudo na E 039° 11. Kilichobaki ni tarakimu tatu za mwisho kila upande. Swali la kwanza: vita vilidumu dakika ngapi? Zidisha kwa 17. Thelathini na nane mara 17 ni 646, basi latitudo inakuwa S 06° 09.646, ukanda wa pwani karibu na majumba ya kifalme. Swali la pili: mizinga ilianza saa ngapi? Hiyo ndiyo tarakimu ya kwanza ya longitudo. Tarakimu mbili za mwisho zilitoka kwenye maswali mengine ambayo hayana tatizo, na siyataji. Nieleze pia kwamba nambari ninazoandika hapa ni za rasimu. Hakuna kasha lililofichwa hapo, kwa hiyo asijisumbue mtu kwenda kupekua mawe.

Tatizo la kwanza ni 38 yenyewe. Fungua vitabu na makala za vita hivi na utaona 38, utaona 40, utaona 45. Wenye 40 wana hoja: muhula ulikwisha saa tatu kamili, bendera ikaanguka 3:40. Wenye 45 wanahesabu mpaka milio iliponyamaza, si mpaka bendera ilipoanguka. Hakuna aliyeokota nambari barabarani. Kila mmoja amechagua mahali pa kuanzia na mahali pa kuishia, na wengi hawamwambii msomaji wamechagua wapi.

Katika simulizi ya barazani tofauti hiyo haina uzito. Katika fumbo ina uzito wa kupimika. Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo (dakika ya ramani, si ya saa) ni kama mita 1.85 ardhini. Anayetumia 40 anapata 680 badala ya 646, yaani ametupwa mita 63 kusini. Anayetumia 45 anapata 765, na huyo yuko mita 220 mbali na kasha, kuelekea Shangani. Mji Mkongwe si shamba la minazi ambamo mita 60 unazimaliza kwa kutupa macho. Mita 60 pale ni vichochoro viwili, msikiti, na ukuta wa nyumba ya mtu ambaye hapendi kuona mgeni akichungulia kwenye mashimo ya ukuta wake. Halafu ile 17! Nilimuuliza imetoka wapi. Akacheka, akasema ndiyo iliyomfikisha alipotaka. Ni kawaida ya watunga mafumbo, na haina ubaya, ila kuzidisha kunakuza kosa. Angejumlisha badala ya kuzidisha, tofauti kati ya 38 na 45 ingekuwa mita 13 tu, na mtu mwenye macho makali angejiokoa.

Tatizo la pili lilinifurahisha zaidi. Vita vilianza saa ngapi? Kijana ameandika saa tatu, na longitudo yake inaanza na 3: E 039° 11.3. Ndiyo hasa pwani ya Forodhani. Mgeni anayesoma Kiingereza ameambiwa mizinga ilianza saa 9:02, naye ataandika 9 bila wasiwasi wowote, apate E 039° 11.9. Amehama kilomita 1.1 kwenda mashariki. Atavuka Darajani, ataingia Ng'ambo, na atajikuta pande za Michenzani akizunguka magorofa akitafuta kopo la jumba la Sultani lililobomolewa na manowari. Wote wawili wamejibu sawasawa. Mmoja anahesabu saa tangu jua lichomoze, mwingine tangu usiku wa manane.

Kijana hakuliona hili kwa sababu ndiye aliyetafsiri, na kichwani mwake saa hizo mbili zinakaa pamoja bila kugombana, kama zinavyokaa kwa kila mtu wa Afrika Mashariki ambaye simu yake inaonyesha 9:00 na mdomo wake unasema saa tatu. Angeuliza mwaka pia angeingia mtegoni vilevile. Kwa kalenda ya Kiislamu vita hivi ni vya 1314, na mzee wa Malindi anayeshika tarehe kwa Hijria hana sababu ya kuandika 1896 kama hukumwambia unataka kalenda ipi.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa ule unaotolewa siku zote: 38 ibaki kwenye jina na simulizi, lakini itoke kwenye hesabu. Uliza mambo yasiyogombaniwa. Manowari zilikuwa tano. Siku ilikuwa tarehe 27. Khalid alikamatwa na Waingereza mwaka 1916, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza huku kwetu, na alifariki Mombasa 1927. Majibu ya namna hiyo hayayumbi.

Hakukubali. "Mwalimu, wageni wote wanaijua 38 kabla hawajapanda boti," alisema. "Nikiitoa, linabaki kasha la manowari tano. Nani atakuja kwa manowari tano?" Alikuwa na haki yake. Kasha la nambari ambalo nambari yake haifungui chochote ni bango tu. Tukaacha hesabu kwanza tukarudi kwenye maelezo, kwa sababu nayo yalikuwa na dosari ambayo haikuhusu mita.

Maelezo ya Kiingereza yalikuwa ya mzaha. Vita vilivyokwisha kabla chai haijapoa, na mengineyo ya aina hiyo. Huo ndio mtindo wa mtandao mzima kuhusu vita hivi, na kijana aliuchukua kama alivyoukuta. Lakini katika dakika hizo, ziwe 38 au 45, watu wapatao 500 waliokuwa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Jumba lilikuwa na mbao nyingi, lilishika moto, na ndani hawakuwamo askari peke yao. Walikuwamo watumishi na watumwa ambao hakuna aliyewauliza wanamtaka Sultani gani. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, kwenye Thrush. Manowari zilifyatua makombora yapatayo 500 na risasi za bombomu zaidi ya 4,000. Vita vilikuwa vifupi kwa sababu upande mmoja ulikuwa ukimpiga mwenzake kutoka baharini, na mwenzake hana cha kumfikia.

Nilimwambia kwamba 38 ni kipimo cha saa iliyokuwa mkononi mwa mwenye mizinga. Inaanza aliporusha kombora la kwanza, inakwisha alipoona bendera imeanguka. Kwa waliokuwa ndani ya Beit al-Hukm jambo lile halikuanza 3:02. Walikuwa wamejifungia humo tangu tarehe 25, wakiziona manowari zikiongezeka. Na kwa Khalid halikwisha 3:40. Alikaa katika ubalozi wa Ujerumani wiki kadhaa, askari wa Kiingereza wakimngoja nje wamtie mkononi mara akikanyaga barabara. Wajerumani wakaleta meli yao Seeadler, na tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, boti ikasogezwa hapohapo. Khalid akatoka kwenye ardhi ya ubalozi akaingia botini moja kwa moja, bila kukanyaga nchi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Akapelekwa Dar es Salaam. Katika kisa chote hiki, bamvua lile ndilo ninalolipenda kuliko lote. Mtu amekosa kiti cha enzi, amekosa jumba, lakini amejua kusoma maji.

Basi tukawa tunahesabu, kwa udadisi tu, jambo lile lilidumu siku ngapi ukilipima kwa Khalid badala ya kulipima kwa Rawson. Tangu alipoingia jumbani 25 Agosti hadi alipoondoka 2 Oktoba. Agosti imebakisha siku 6. Septemba ina 30. Oktoba 2. Jumla 38.

Tulirudia mara ya pili kwa vidole. Ni 38 kweli.

Sidai kwamba kuna siri ndani yake. Nambari ndogo zinakutana kila siku, na anayetafuta 38 ataiona hata kwenye tiketi ya daladala. Lakini kwa mtunga fumbo hii ni zawadi, kwa sababu siku hizo hazina ugomvi. Zimefungwa na tarehe mbili, wala hazitegemei nani alitazama saa wakati gani. Swali likaandikwa upya: ukiongeza siku ngapi kwenye tarehe 25 Agosti 1896, utafika siku ambayo Khalid aliondoka Zanzibar? Tulisema "ukiongeza" kwa makusudi. Wengi wetu tukihesabu siku tunaihesabu na ya kwanza, na hapo ungepata 39. Tarehe ya kuondoka haikutajwa kwenye ukurasa. Msakaji aitafute mwenyewe, na akiitafuta atakutana na bamvua.

Kwa hiyo jina likabaki 38, ufunguo ukabaki 38, na maelezo yakabadilika kabisa. Sasa yanaeleza kwanza kwamba dakika zinagombaniwa na kwa nini, yanataja waliokufa kabla ya kutaja ufupi, kisha yanauliza siku. Mzaha wa chai umeondoka. Kijana aliutetea kidogo, akasema wageni wanapenda kucheka. Nikamwambia wacheke na Seeadler.

Swali la saa nilishauri libaki, na hapa najua baadhi ya wenye uzoefu wa mchezo huu watanipinga. Watasema fumbo la haki linatoa jibu moja kwa kila msomaji, basi andika wazi kwamba saa ni ya Kizungu au ya Kiswahili, mambo yaishe. Naona tofauti kati ya mtego ambao mtunzi mwenyewe haujui na ule aliouweka akaacha alama. Ukurasa wa Kiingereza sasa unamwambia msakaji ajibu saa kama ambavyo mlinzi wa jumba angeitaja asubuhi ile. Anayejua atatabasamu aandike 3. Asiyejua atauliza mtu, na kumuuliza mtu wa Zanzibar habari za saa ni mwanzo mzuri wa mazungumzo kuliko kumuuliza bei. Chini ya maswali tumeweka jumla ya tarakimu zote sita. Aliyeandika 9 ataona jumla yake imezidi kwa 6, atajua amepotea kabla hajafika Michenzani. Jumla ya namna hiyo haimkamati aliyepanga tarakimu sahihi kwa mpangilio mbaya, lakini kwa kosa hili inatosha.

La kopo lenyewe nitalipitia haraka, ingawa ndilo linaloua makasha mengi. Rasimu ilisema kopo litatiwa kwenye tundu la ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa; kidole cha msakaji wa kumi kinatosha kuutoa udongo. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka na kuua watu. Hakuna haja ya kuwafundisha wageni kuchokoa kuta. Tena kanuni za mchezo zinataka kasha liwe mita 161 au zaidi kutoka kasha jingine, lisizikwe ardhini, na liwe na ruhusa ya mwenye mahali, na kwa Mji Mkongwe hilo linamaanisha pia kuzungumza na mamlaka ya uhifadhi. Kijana alidhani ruhusa ni barua tu. Nilimweleza kwamba kopo lisilo na jina, limefichwa karibu na majengo ya serikali, linaweza kuitiwa polisi kabla halijasakwa na mtu yeyote. Aliandike kwa nje, kwa lugha mbili, kwamba ni la mchezo, na alitafutie mahali penye mwenyewe anayejua lipo. Amepata bustani ya jamaa yake. Hapo nambari 17 haitamfikisha, hivyo itabidi atafute nyingine ya kuzidishia, na safari hii anasema atachagua ndogo.

Kilichobaki ni ugumu. Makasha hupewa daraja kuanzia 1 hadi 5, moja la fumbo na jingine la njia. Njia ni 1.5, hakuna ubishi. Fumbo yeye alilipa 4. Mimi nasema ni 2, au 2.5 kwa heshima ya swali la saa: mwenye simu na dakika chache za kusoma atalimaliza. Anasema kasha la 2 halina hadhi. Barua ya ruhusa imekwisha pelekwa, na daraja bado tunabishana.